Kufundisha isimu kwa kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa isimu (yaani sayansi ya lugha), na wazazi wenye kompyuta moja mezani ambayo wangependa ifanye kazi zaidi ya kuandika barua na kutazama video. Majibu yametokana na vipindi ninavyofundisha nyumbani siku za Jumamosi, wanafunzi watano au sita wakiizunguka mashine moja.

Isimu na kompyuta vinakutana wapi?

Kwenye kanuni. Mwulize mtu aliyekulia katika Kiswahili kwa nini tunasema "pikia" lakini "somea". Atakujibu kwamba ndivyo inavyosemwa. Kanuni anaijua, maana hakosei hata akiwa na usingizi, ila hajawahi kuitamka. Kompyuta haina habari hiyo. Ukitaka ikutungie "pikia" na "somea", itabidi uieleze kanuni nzima, na pale utakapoacha pengo itatumbukia hapo hapo mbele ya macho yako.

Kwa hiyo sizungumzii slaidi, wala michezo ya kuchagua jibu sahihi. Nazungumzia mwanafunzi kuandika programu fupi, ya mistari saba au kumi, inayojaribu kufanya jambo ambalo ulimi wake hulifanya bila kufikiri. Programu ikikosea, somo ndiyo linaanza.

Lazima nijue hesabu au nimesomea kompyuta?

Hapana. Mambo manne yanatosha: kuhifadhi neno, kulipitia herufi kwa herufi, kuuliza "je, herufi hii ni miongoni mwa hizi?", na kuunganisha vipande viwili vya neno. Mwalimu mwenye subira huyapata kwa wiki mbili za jioni.

Kinachohitajika zaidi ni sarufi. Nimeona vijana hodari wa programu wakikwama kwa sababu hawakujua mofimu (kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana) ni nini, na nimeona walimu wa fasihi ambao hawakuwahi kuandika msimbo wakitoa programu nzuri siku ya tatu.

Kompyuta ya aina gani?

Yoyote inayowaka. Kazi hizi ni nyepesi mno. Kompyuta mpakato ya miaka kumi iliyopita yenye GB 2 za kumbukumbu inazimudu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kadi moja iliyotoka Uingereza mwaka 2012, inaunganishwa na televisheni na kibodi na inatosha kabisa. Simu ya Android nayo inaweza, kwa kutumia programu kama Pydroid 3, ingawa kuandika msimbo kwenye kioo kidogo kunachosha.

Intaneti inahitajika siku ya kupakua tu. Kifurushi cha Python, lugha ya programu tunayoitumia, hakifiki MB 50, na baada ya hapo unafanya kazi bila bando. Tahadhari moja: kama mashine yako bado ina Windows 7, toleo la mwisho la Python litakalokubali ni 3.8. Usihangaike na matoleo mapya.

Kwa nini Python?

Kwa sababu ni ya bure, inaandikika kwa maneno machache, na inakuruhusu kuvipa vitu vyako majina ya Kiswahili. Maneno ya lugha yenyewe yatabaki kama yalivyo, lakini ukiita sanduku lako "irabu", "shina" au "ngeli", mwanafunzi anasoma msimbo kama anavyosoma maelezo ya sarufi. Usimwachie mwanafunzi aite kila kitu x na y.

Wazo hili ni jipya?

Si jipya. Lugha ya BASIC ilitungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kuiagiza mashine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha ELIZA, programu iliyojibu mazungumzo kwa kugeuza maneno ya msemaji, na wengi wakashangaa jinsi kanuni chache za kubadili sentensi zinavyoweza kumfanya mtu adhani anasikilizwa. Mwaka uliofuata ikaja Logo, ya Seymour Papert na wenzake. Wengi wanaikumbuka kwa kobe wake anayechora mistari, lakini Logo ilikuwa hodari vilevile katika kushughulikia maneno na orodha za maneno, na watoto waliitumia kutunga sentensi.

Kisha kompyuta zikaingia majumbani. BBC Micro ilitoka mwaka 1981 na ikaenea katika shule za Uingereza. ZX Spectrum ikafuata mwaka 1982, na toleo lake kubwa lilikuwa na KB 48 za kumbukumbu. Maandishi ya ukurasa huu peke yake yangechukua takriban theluthi ya nafasi hiyo. Hata hivyo palikuwa na nafasi ya kutosha kuandika kanuni za sarufi na kuona zinazaa sentensi gani. Mashine zetu leo zina nguvu maelfu ya mara kuliko zile. Somo ni lile lile.

Somo la kwanza lianze na nini?

Silabi. Kila mtoto aliyesoma kwa ba, be, bi, bo, bu anaamini anazijua, na ndiyo sababu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tunaanza na dhana rahisi: kila silabi ya Kiswahili ina irabu moja, basi hesabu irabu, umemaliza.

```
irabu = "aeiou"
neno = input("Andika neno: ")
idadi = 0
for herufi in neno:
    if herufi in irabu:
        idadi = idadi + 1
print(idadi)
```

Andika "kitabu", inasema 3. "Barabara", 4. "Kaa", 2, na hapo tayari kuna la kujifunza, kwamba irabu mbili zikifuatana kila moja ina silabi yake. Wanafunzi wanafurahi. Kisha mmoja anaandika "mtu" na mashine inasema 1.

Waache wapige makofi: m-tu. Mbili, bila ubishi. Kumbe m inaweza kusimama peke yake kama silabi. Wanaongeza kanuni: m ikifuatwa na konsonanti, ihesabu. "Mtoto" sasa ni 3, "mlango" 3, "alimpa" 4. Vizuri. Lakini "mwalimu" imekuwa 4, na "mbuzi" imekuwa 3. Wanaitengeneza tena: m ikifuatwa na konsonanti isiyo b, w wala y. Mbuzi na mwalimu wanarudi mahali pao.

Halafu inakuja "mbwa", mashine inasema 1 na kila mtu mezani anasema m-bwa. Vivyo hivyo nchi, nge, nta, nzi. Hapa nawaeleza kuhusu mkazo: Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nomino inataka walau silabi mbili ili mkazo upate pa kukaa, na ile m au n ya mwanzo inajitokeza kuziba nafasi. "Ya" na "na" hazina shida hiyo kwa sababu huegemea maneno jirani. Somo hilo la mkazo ningeweza kulitoa ubaoni kwa dakika tano. Ila wangelisahau Jumatatu.

Programu yangu imefaulu maneno yote isipokuwa "mbunge". Nimekosea wapi?

Hujakosea msimbo. Umefika ukingoni mwa maandishi.

"Mbuzi" na "mbunge" huanza kwa herufi zile zile, lakini tunasema mbu-zi na m-bu-nge. Tofauti ni kwamba katika "mbunge" m ni kiambishi cha ngeli kilichobandikwa kwenye "bunge". Wingi wake ni wabunge. Katika "mbuzi" hakuna mshono wowote hapo, mb ni sauti moja.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika somo hili ni "mbuni". Ni ndege mkubwa asiyeruka, na wingi wake ni mbuni. Ni mti wa kahawa, na wingi wake ni mibuni. Ni mtu anayebuni, na wingi wake ni wabuni. Ndege ana silabi mbili. Mti na mtu wana tatu kila mmoja. Herufi tano zile zile. Mashine inayotazama herufi tu haitaweza kuchagua hata ukiipa kanuni mia moja. Lazima ijue neno ni la ngeli gani, yaani matamshi yanaingoja sarufi ndipo yaamue. Mwanafunzi aliyegonga ukuta huu mwenyewe hataniuliza tena kwa nini fonolojia (elimu ya sauti za lugha) na mofolojia (elimu ya maumbo ya maneno) haziishi katika nyumba mbili.

Naweza kuitumia kupima mizani ya mashairi?

Ndiyo, na nashauri sana, kwa sababu washairi wetu wamekuwa wakihesabu silabi muda mrefu kabla ya kompyuta. Mshororo wa kawaida wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, una mizani 16, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili). Jaribu methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Programu ya kwanza, ile ya irabu tu, inaupa mkono wa kwanza mizani 6. Iliyorekebishwa inaupa 8: m-ta-ka cha m-vu-ngu-ni. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwamba m zile mbili, ambazo mashine ilizipuuza, ndizo zinazobeba mapigo.

Utabaki na maneno ya mkopo kama "labda", "daktari" na "hamsini". Wanafunzi wangu hugawanyika hapo kila mwaka, wengine wakipiga makofi mawili kwa "labda" na wengine matatu. Nawaachia wabishane. Pia waonyeshe kuwa mshairi huandika "shuruti" badala ya "sharti" akihitaji pigo moja zaidi. Wataelewa kwa nini.

Kauli ya kutendea ifundishwe vipi?

Hii ndiyo kazi kubwa ya mwezi wa pili. Waambie waandike programu inayopokea mzizi wa kitenzi na kurudisha kauli ya kutendea. Wape vitenzi kumi: pika, lima, funga, pata, ruka, soma, choma, enda, cheka, leta. Waorodheshe majibu kwenye karatasi kwanza. Kabla ya nusu saa mmoja ataona kwamba irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa e au o, tunapata -ea. Ikiwa a, i au u, tunapata -ia.

```
def tendea(shina):
    for herufi in reversed(shina):
        if herufi in "eo":
            return shina + "ea"
        if herufi in "aiu":
            return shina + "ia"
```

Hii inaitwa upatanisho wa irabu, na sasa wameugundua wenyewe. Inafanya kazi kwa "pik", "som", "let". Wajaribu mizizi mirefu: "andik" inatoa andikia, "pelek" inatoa pelekea. Safi.

Kisha wape "toa", mzizi "to". Mashine inasema "toea". Mezani watacheka, maana kila mtu anajua ni tolea. "Nunua" inakuwa "nunuia" badala ya nunulia. "Pokea" inakuwa "pokeea" badala ya pokelea. "Kaa" inakuwa "kaia" badala ya kalia. Sasa uliza: hiyo l imetoka wapi?

Ndiyo, hiyo l imetoka wapi?

Haikutoka popote, ilikuwepo. Kiswahili kimeidondosha l ya kale katikati ya irabu katika maneno mengi, huku ndugu zake Wabantu wakiibakiza au kuigeuza. Sisi tunasema "njia". Msukuma anasema nzila, Mgikuyu njĩra, msemaji wa Kilingala nzela. Vitenzi kama toa na nunua vilipoteza l mwishoni mwa mzizi, lakini ukivinyambua inarudi, kama mtu aliyehama mtaa ila bado anarudi kwa sherehe za familia.

Waombe wanafunzi waongeze mstari mmoja: mzizi ukiishia kwa irabu, weka l kwanza. Tolea, nunulia, chukulia, kalia, zote zinatii. Halafu wajaribu "samehe". Mashine inasema "samehelea", na sisi tunasema samehea. "Fikiri" inatoa "fikirilia", sisi tunasema fikiria. Vitenzi vya mkopo havikuwahi kuwa na l ya kupoteza! Lakini "sahau", nayo ya mkopo, inatupa "sahaulika", kwa l, kwa sababu imeishia kwa irabu mbili na wasemaji wameichukulia kama nunua na chukua. Programu ya mistari sita imetufikisha kwenye historia ya lugha na jinsi wasemaji wanavyowafunga wageni kanga za wenyeji.

Usisahau vitenzi vifupi. Mzizi wa "kula" ni l tu, hauna irabu, na programu hapo haitarudisha chochote. Tunasema "lia" (kijiko cha kulia), "fia", lakini "nywea". Mwachie mwanafunzi atafute la kufanya.

Kauli ya kutendua ina kanuni hiyo hiyo?

Karibu, na hiyo "karibu" ndiyo tamu. Funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, nasa, nasua. Baada ya o tunapata -oa: chomeka, chomoa, komea, komoa. Kwa mazoea ya kutendea, mwanafunzi atategemea e nayo ivute o. Haivuti: tega, tegua; ezeka, ezua. Yule aliyenakili msimbo wa jana bila kutazama atapata "tegoa", na atajifunza kwamba upatanisho wa irabu wa Kiswahili hauko sawa pande zote mbili. Nenda taratibu hapa, usiwape jibu.

Ngeli je? Si ndizo ngumu kuliko zote?

Kwa programu ni rahisi kuanza na ngumu kumaliza. Kanuni "ondoa ki, weka vi" inafanya kazi kwa kitabu, neno la Kiarabu ambalo wasemaji walilisikia kama lina ki yetu mwanzoni, na hata kwa kipilefti, ambacho wingi wake barabarani ni vipilefti. Inashindwa kwa kilo, na kwa kima yule mnyama. "Ondoa ch, weka vy" inatupa vyakula, vyumba na vyura, kisha inatupa "vyupa" na "vyai".

Lakini fundisho kubwa liko kwenye upatanisho wa kisarufi. Wape wanafunzi neno "kiboko". Kiboko kimevunjika: hiyo ni fimbo ya kuchapia. Kiboko amekufa: huyo ni mnyama wa mtoni. Umbo moja, viambishi viwili, na kinachochagua ni uhai. Kijana anafika, kipofu anafika, hatusemi "kinafika". Kwa hiyo programu inahitaji safu mbili kwa kila nomino: umbo lake, na kama ina uhai au haina. Halafu atokee mwanafunzi aulize mbona tunasema "mama yangu" na si "mama wangu" ilhali mama ni mtu. Safu ya tatu hiyo.

Sintaksia, yaani muundo wa sentensi, inaweza kufundishwa hivi pia?

Inaweza. Chukua kanuni ya shuleni, sentensi ni KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), kisha KN ni nomino na kivumishi. Weka orodha fupi za maneno, iache mashine ichague kwa bahati nasibu. Mara ya kwanza itatoa "mti mrefu alianguka". Kosa hili ni zuri: m- ya "mrefu" inafaa mti na mtoto sawasawa, lakini kitenzi kinawatenganisha, ulianguka na alianguka. Ukishairekebisha itatoa "kiti kirefu kilikunywa chai". Waulize, sentensi hii ina kosa? Wengine watasema ndiyo, wengine hapana. Hapo utakuwa na nafasi ya kufundisha tofauti ya sarufi na maana bila kuandika fasili hata moja.

Kwa nini programu ya kuchambua vitenzi inanipa majibu mawili kwa "anakula"?

Kwa sababu yapo mawili. "Simba anakula" inaweza kuwa a-na-kula, yuko kwenye chakula chake, au a-na-ku-la, anakula wewe. Mara ya kwanza mashine yetu ilipotoa uchambuzi wa pili tulidhani imeharibika.

Kitenzi kifupi kama -la huchukua ku pamoja na -na-, -li-, -ta- na -me-: anakula, alikula, atakula, amekula. Lakini akila, akala, hula: ku imetoweka. Ukiingiza mtendwa inatoweka pia: anaila, amemla. Sababu ni mkazo tena. Viambishi vile vinne vya njeo (wakati) havibebi mkazo, kwa hiyo ku inakuja kuubeba. -Ki-, -ka-, hu- na viambishi vya mtendwa vinaubeba vyenyewe. Basi mtendwa akiwa ni wewe, kiambishi chake ni ku-, na maumbo mawili yanagongana.

Wanaotaka kujua mbinu hii hufika wapi wakubwa wakiishika, watazame kazi ya Kimmo Koskenniemi wa Finland, aliyetoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983, na ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeitumia kwa Kiswahili katika mfumo wake wa SALAMA.

Wanafunzi wangu wana lugha nyingine nyumbani. Zina nafasi?

Nafasi kubwa. Wazazi wengine huniambia mtoto amekuja kusoma Kiswahili, lugha ya nyumbani isubiri. Sikubaliani nao hata kidogo. Lugha ya bibi ni maabara iliyojaa vifaa.

Mfano wa wanaotoka katikati ya Kenya. Kiti kwa Kigikuyu ni gĩtĩ. Tuna Gĩkũyũ, gĩtĩ na gĩtheri, lakini Kĩrĩnyaga na kĩondo. Kiambishi ni kile kile. Andika programu: k inageuka g kama konsonanti inayofuata ni t, k, c au th. Hiyo ndiyo wanaisimu wanayoiita Sheria ya Dahl, na mtoto wa darasa la nane anaiandika kwa mistari minne. Mwerevu atauliza kuhusu th, maana leo inatamkwa kwa mtetemo wa koo, kama dh yetu, wakati wenzake katika orodha hawana mtetemo. Mwambie zamani haikuwa hivyo: sauti imebadilika, kanuni imebaki.

Na sauti zenyewe?

Pakua Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti, iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi "Amefika." na "Amefika?" uone mstari wa kiimbo (kupanda na kushuka kwa sauti) unavyotofautiana, maana katika jozi hii hakuna neno wala mpangilio unaotofautisha, ni sauti tu. Kipaza sauti cha simu kinatosha.

Nitumie matini gani kwa kuhesabu maneno?

Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1948, lina ibara 30, linapatikana kwa Kiswahili na kwa mamia ya lugha nyingine, na halina shida ya haki miliki. Utaona "na", "ya", "wa" na "kwa" zikikaa juu ya orodha, na mkia mrefu wa vitenzi vinavyotokea mara moja tu, kwa kuwa kila kiambishi kinazaa neno jipya machoni pa mashine. Kumbuka kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo kwanza.

Kwa nini wasimwombe akili mnemba awaandikie programu?

Kwa sababu hatuhitaji programu. Uwezo wa kusema "pikia" tayari wanao. Tunachotafuta ni ile saa moja ya kuhangaika na "toea". Akiandikiwa, saa hiyo inapotea.

Kompyuta ni moja, wanafunzi ni wengi. Nifanyeje?

Mmoja aandike, wengine wawe wapinzani: kazi yao ni kutafuta neno litakaloiangusha programu. Wabadilishane kila robo saa. Umeme ukikatika, endeleeni kwa karatasi. Mwanafunzi mmoja anakuwa mashine na anafuata msimbo mstari kwa mstari bila kutumia akili yake ya mzawa. Ni vigumu kuliko unavyodhani, na mara nyingine huwa ndicho kipindi bora cha mwezi.

Natoa alama kwa nini hasa?

Kwa daftari la makosa. Kila neno lililoiangusha programu liandikwe pamoja na dhana ya mwanafunzi kuhusu sababu. Programu iliyonyooka isiyo na daftari haipati nusu ya alama.

Limebaki neno moja tu linalogoma. Niliweke kwenye orodha ya vighairi niendelee?

Usiharakishe. Darasani kwangu kanuni ya "ki mbele ya irabu inakuwa ch" ilikuwa ikitupa chakula, chumba, chombo na choo bila tatizo, mpaka mtu alipoandika "kiatu". Tukataka kukiweka kando. Wiki iliyofuata likaja kiazi, kisha kiungo, kisha kioo. Vighairi vinne si vighairi tena. Kioo na choo kando kando ubaoni viliwakera vijana kweli kweli. Mmoja akauliza kama kioo nacho hakikuwa na l iliyodondoka, kama ile ya toa, iliyokuwa ikiizuia ki isiguse irabu. Tuliliandika swali daftarini, na Jumamosi iliyofuata kila mmoja alikuja na neno la kioo katika lugha ya bibi yake.